Chooni Kuna Habari, Sehemu ya 4: Swali Lililopita Shule za Kilombero

Mama zangu, dada zangu, na akina baba mnaosoma kimyakimya bila kusema neno. Nawaona.

Sehemu iliyopita tuliongea kuhusu choo kikubwa cha mtoto, rangi yake na ulaini wake. Wengi mkauliza, "Nesi, na mkojo je?" Haya, leo ni zamu ya mkojo. Ila sitaanza na dalili, nitaanza na historia, kwa sababu hii ni historia ya hapa kwetu bondeni na wengi wetu tuliozaliwa juzi juzi hatuijui.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, watoto wa shule za msingi wilaya ya Kilombero waliulizwa maswali na walimu wao kuhusu magonjwa waliyoyapata siku za karibuni. Yalikuwa maswali ya kawaida kabisa: kikohozi, kichwa, tumbo, homa. Katikati ya hayo kulikuwa na moja kuhusu kichocho na kukojoa damu. Mwalimu anauliza, mtoto anajibu, mwalimu anaandika. Hakuna sindano, hakuna gari la hospitali.

Majibu yale ya watoto yalionyesha ni shule zipi zilikuwa na kichocho kingi na zipi hazikuwa na shida kubwa. Baadaye njia hiyo iliyojaribiwa hapa ikapelekwa nchi nyingine za Afrika. Yaani watoto wa Kilombero walisaidia dunia kujua kwamba mtoto akiulizwa vizuri kuhusu mkojo wake, anasema ukweli.

Sasa twende taratibu.

UGONJWA WENYEWE NI WA ZAMANI

Kichocho hakikuanza jana. Mwaka 1910 daktari Marc Armand Ruffer, aliyekuwa akifanya kazi Misri, alieleza kwamba amekuta mayai ya kichocho ndani ya figo za maiti mbili za kale zilizohifadhiwa kwa kukaushwa. Watu hao walikufa miaka kama 3,000 iliyopita. Hebu fikiria, watu wa enzi za mafarao walikojoa damu kama wanavyokojoa baadhi ya watoto wetu leo.

Mdudu mwenyewe alionekana mwaka 1851, Cairo, baada ya daktari Mjerumani Theodor Bilharz kumpasua marehemu na kukuta minyoo kwenye mishipa ya damu. Ndiyo maana mahali pengine wanauita ugonjwa huu bilharzia. Lakini watu hawakujua mnyoo ule unaingiaje mwilini. Wengine walidhani unanywewa kwenye maji. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Leiper, naye akiwa Misri, alionyesha kwamba lazima upitie kwanza kwa konokono wa majini.

Safari yake ni hivi. Mwenye kichocho akikojoa majini, mayai yanapasuka na kutoa vijidudu vinavyomtafuta konokono. Ndani ya konokono vinazaliana kwa wiki kadhaa. Vikitoka vinakuwa na umbo jingine, vinaogelea, vinasubiri mtu. Ukiingia kuoga, kufua, kuvua samaki au kupandikiza mpunga, vinapenya kwenye ngozi yako hata kama haina mchubuko wowote. Husikii chochote, au unasikia muwasho kidogo tu.

Baada ya wiki kadhaa vimekuwa minyoo kamili, dume na jike wakiwa pamoja, wanakaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu. Jike anataga kila siku. Yai lina mwiba mdogo kwenye ncha, nalo linajipenyeza ukutani mwa kibofu ili litoke na mkojo. Hapo ndipo damu inapotokea, na mara nyingi inaonekana zaidi mwishoni mwa kukojoa, yale matone ya mwisho. Minyoo hiyo inaweza kuishi mwilini kwa miaka.

Na si mayai yote yanayotoka. Mengi yanabaki humo humo na kuacha makovu. Miaka ikipita kibofu kinakakamaa, mkojo unarudi nyuma, figo zinaharibika, na wengine wanapata saratani ya kibofu. Kwa hiyo ile damu kidogo anayoiona mtoto wa miaka tisa ni taarifa ya mapema sana ya ugonjwa unaoweza kumuumiza akiwa na miaka arobaini.

IFAKARA INAINGIAJE HAPA

Mwaka 1949 mwanasayansi wa Uswisi, Rudolf Geigy, alifika Ifakara, ambako wamisionari Wakapuchini walikuwa wameshajenga misheni. Akaona bonde letu, mto, mafuriko, mbu, na magonjwa yake. Mwaka 1957 ikafunguliwa hapa maabara ndogo ya Taasisi ya Tropiki ya Uswisi. Maabara ile ilikua, ikabadilika majina, ikapita mikononi mwa Watanzania, na leo ndiyo hiyo tunayoijua wote: Ifakara Health Institute, IHI.

Katikati ya safari hiyo nchi nzima nayo ilikuwa inajifunza. Mwaka 1973 serikali ya Mwalimu Nyerere iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Waulizeni bibi na babu zenu. Watu walikusanyika kwenye vikundi kusikiliza redio na kusoma vitabu vidogo, kisha wakatoka hapo kwenda kuchimba vyoo na kufyeka madimbwi. Watu wazima wapatao milioni 2 walishiriki, na kichocho kilikuwa miongoni mwa magonjwa waliyofundishwa. Ina maana kabla mtafiti yeyote hajaja na fomu yake ya maswali, tayari kulikuwa na mabibi na mababu bondeni walioongea kuhusu kichocho na choo kwa jina lake.

Miaka ya 1980 watafiti wa Ifakara walianza kufuatilia afya ya watoto wa Kikwawila, kijiji kisicho mbali na mji wetu. Walipima damu, choo na mkojo. Wakafanya na jambo jingine, nalo nalipenda sana kama nesi: waliwauliza wanakijiji wenyewe wanaona magonjwa gani ndiyo yanayowasumbua, halafu wakalinganisha majibu hayo na yale ya vipimo na ya kituo cha afya. Maneno ya mama yakawekwa mezani pamoja na matokeo ya maabara.

TATIZO LILILOKUWEPO

Dawa ya kichocho, praziquantel, ilianza kutumika miaka hiyo. Ni dawa nzuri, unameza siku moja tu. Lakini wakati ule ilikuwa ghali, wilaya isingeweza kumpa kila mtoto. Ilibidi kujua kwanza: ni shule zipi zinaihitaji zaidi?

Kujua kwa njia ya kawaida maana yake ni gari, mafuta, hadubini, wataalamu, na siku nyingi za kuzunguka shule moja baada ya nyingine. Nyie mnaijua Kilombero. Mvua zikishika, barabara inakuwa mto. Kuna vijiji ambavyo hata leo ukifika ni kwa neema ya Mungu. Miaka ile ya kivuko, je?

Na kichocho kina tabia ya kuchagua mahali. Kijiji kimoja watoto wengi wanakojoa damu, kijiji cha pili yake hakuna, kwa sababu dimbwi lenye konokono wanaobeba ugonjwa liko huku na si kule. Huwezi kupima shule tatu ukasema umeijua wilaya.

Ndipo watafiti akina Christian Lengeler, Don de Savigny, Marcel Tanner, Charles Mayombana na Hassan Mshinda, ambaye baadaye aliongoza kituo cha Ifakara na kisha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, walipojaribu njia nyingine. Waliona serikali tayari ina njia yake inayofika kila kijiji: karatasi zinatoka ofisi ya elimu ya wilaya, zinakwenda kwa mwalimu mkuu, na zinarudi kwa njia ile ile. Basi wakapitisha fomu zao humo humo.

Na walikuwa wajanja. Hawakuandika juu ya fomu "Utafiti wa Kichocho." Wangeandika hivyo, kila shule ingejaza kichocho, ikitumaini kupata dawa, au isingejaza, ikiogopa aibu. Waliweka orodha ya magonjwa na dalili nyingi, na kichocho kikiwa kimoja kati ya vingi. Hakuna aliyejua ni jibu gani hasa linalotafutwa.

Kisha ikaja sehemu ya kuhakiki. Walimu walipewa vile vijiti vya kupimia mkojo vinavyobadilika rangi vikikutana na damu, hata damu ambayo jicho halioni. Wakafundishwa, wakapima wanafunzi. Matokeo yakalinganishwa na majibu ya watoto.

Yakakubaliana. Pale ambapo watoto wengi walisema wanakojoa damu, vijiti navyo vilionyesha damu. Na pale ambapo karibu hakuna mtoto aliyesema ndiyo, ilikuwa salama kuamini kwamba shule ile haina kichocho kingi, na kupeleka nguvu kwingine. Gharama ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na kuzungusha timu ya wataalamu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1991, mwaka ambao pia matokeo ya jirani zetu wa Kilosa yalitoka. Mwaka 1995 ikatoka ripoti ya nchi kadhaa za Afrika zilizojaribu njia hiyo hiyo, na majibu ya watoto wa huko nayo yakasimama.

KWA NINI WATOTO WALIAMINIKA?

Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, mama.

Njia ile haikufanya kazi vizuri hivyo kwa kila ugonjwa. Ipo aina nyingine ya kichocho, kile cha tumbo, ambacho damu yake hutokea kwenye choo kikubwa. Ukiwauliza watu kuhusu hiyo, majibu hayatoi picha iliyo wazi, kwa sababu damu ya chooni huletwa na mambo mengi na watu wengi hawaangalii choo chao.

Kichocho cha mkojo kilikuwa na mambo mawili ya kusaidia. Kwanza, dalili yake inaonekana kwa macho: mtoto wa kiume anayekojoa nyuma ya darasa anauona mkojo wake mwekundu, na wenzake wanauona. Pili, ugonjwa ulikuwa na jina. Mtoto hakuhitaji kueleza kwa mzunguko. Alisema "kichocho" na mwalimu akaelewa.

Kwa hiyo ujuzi ulikuwa tayari umekaa nyumbani na uwanjani, na kilichokosekana ni mtu mzima wa kuuliza na kuandika jibu.

WALIOKOSA KUULIZWA

Lakini historia nzuri nayo ina pembe zenye giza, na mimi kama nesi wa kina mama siwezi kuziruka.

Fomu ilipita shuleni. Asiyekuwa shuleni hakuulizwa. Mtoto wa miaka mitatu anayeogeshwa kwenye beseni la maji ya dimbwini, au anayekaa ukingoni mama yake akifua, hakuwemo. Kwa miaka mingi dawa ya kugawa kwa jamii ililenga hasa watoto wa umri wa shule, na wadogo wakaachwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya unaosema watoto kuanzia miaka 2 nao wahesabiwe. Pia imetengenezwa dawa maalumu ya watoto wadogo, kwa sababu kidonge cha kawaida ni kikubwa na kichungu.

Halafu kuna mabinti. Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba majibu ya wasichana mara nyingi hayakuwa ya kutegemewa kama ya wavulana. Sababu si uongo. Msichana anachuchumaa, mkojo unaingia shimoni, hauoni. Akiona damu, ana maelezo mengine ya karibu: labda hedhi imeanza. Na akiulizwa na mwalimu mwanaume mbele ya wenzake, wewe ungejibu nini?

Kimya hicho kina gharama. Mayai ya kichocho hayaishii kwenye kibofu tu. Kwa wasichana na wanawake yanaweza kukwama kwenye mlango wa kizazi, ukeni na kwenye mirija. Wanapata uchafu usioisha, maumivu, kutokwa damu baada ya tendo la ndoa, wengine kushindwa kushika mimba au mimba kutunga nje ya kizazi. Inakadiriwa kuwa wanawake na wasichana wapatao milioni 56 Afrika wana tatizo hili. Wengi hutibiwa magonjwa ya zinaa mara tatu, mara nne, bila kupona. Na nyumbani maneno yameshaanza: ametembea na nani? Ndoa inatikisika kwa ajili ya maji aliyochota akiwa na miaka kumi.

Ndiyo maana nasema hadithi hii bado haijaisha. Swali lililoulizwa darasani sasa lazima liulizwe nyumbani, na anayefaa kuliuliza ni wewe.

TUFANYEJE

Muulize mtoto, na muulize kama walivyofanya walimu wale: katikati ya mambo mengine, bila kumtisha. Mkiwa mnaosha vyombo: "Tumbo limekaaje? Unakojoa vizuri? Hakuumi? Rangi ya mkojo ikoje, yale matone ya mwisho je?" Binti muulize mkiwa wawili tu. Mpe na mbinu: akojoe mara moja kwenye kopo safi jeupe, aangalie. Mwambie mapema kwamba damu ya mkojo na damu ya hedhi ni vitu viwili.

Ukisikia ndiyo, usimgombeze na usikimbilie duka la dawa. Mkojo mwekundu una sababu nyingine pia: maambukizi ya njia ya mkojo, selimundu, matatizo ya figo, na hata dawa ya kifua kikuu hubadilisha rangi ya mkojo kuwa ya chungwa. Mpeleke kituo cha afya apimwe. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa hiyo mkojo wa muda huo ndio mzuri zaidi kwa kipimo. Akikutwa nacho, dozi hupimwa kwa uzito au urefu wake, na ni vizuri awe amekula. Mjamzito aliyepita miezi mitatu ya kwanza, na anayenyonyesha, nao wanaweza kutibiwa. Mwambie tu mhudumu hali yako.

Ukiwa mwanamke una yale maumivu na uchafu usiosikia dawa, mwambie mhudumu hivi: "Nimekulia kwenye mashamba ya mpunga, nimeoga madimbwini." Sentensi hiyo inaweza kumfanya afikirie jambo ambalo hakulifikiria.

Jambo la mwisho ni choo cha shambani. Nyumbani mjini choo tunacho. Lakini msimu wa mpunga familia nyingi zinahamia shamba, mnalala kwenye dungu miezi, na huko mtoto anakojoa wapi? Majini, hapo hapo anapooga na kuchezea. Dawa inaua minyoo iliyopo mwilini, haizuii mingine kuingia kesho. Chimbeni japo shimo dogo la muda mbali na maji, na wafundisheni watoto kulitumia hata kwa haja ndogo. Maji ya kuoga yakichotwa na kukaa siku mbili bila konokono ndani, vijidudu vile vinakuwa vimekufa. Kuyachemsha pia kunaviua.

Leo jioni kabla watoto hawajalala, uliza swali moja. Ukipata jibu linalokutia wasiwasi, kesho asubuhi nendeni kituoni, na ikifika saa 4 atoe mkojo wake.

Sehemu ya 5 tutaongea kuhusu mtoto anayekojoa kitandani: lini ni kawaida na lini si kawaida. Mtumie mama mwenzako aliyeko shamba, kama mtandao unamfikia. Usiku mwema.